Kutoka Krediti 150 Hadi Kiti cha Kazi

Nilihamia Columbus, Ohio, mwaka 2003 kwa bahati nasibu ya viza. Cheti changu cha uhasibu kutoka Dar es Salaam hakikunipatia kazi ya ofisini, nikaanza masomo upya: usiku napanga mizigo ghalani, mchana niko darasani. Mhadhiri mmoja, mama Mmarekani Mweusi aliyekuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka mingi, ndiye aliyenipa fomu ya ufadhili wa wanafunzi wa jamii za walio wachache wanaosomea biashara na uhasibu.

Fomu ilikuwa ya karatasi. Juu kulikuwa na safu ya visanduku vya asili ya mtu, utie alama kimoja. Chini, nafasi ya insha. Nilimuuliza kwa nini fedha zinatengwa kwa kuangalia rangi. Akanisimulia habari za John Cromwell, Mweusi wa kwanza Marekani kuwa CPA, yaani mhasibu mwenye leseni, mwaka 1921. Cromwell, mkazi wa Washington, alilazimika kwenda kufanyia mtihani New Hampshire, ambako hawakudai uzoefu wa kazi. Kwingine sharti lilikuwa kwanza ufanye kazi chini ya CPA, na ofisi za Wazungu hazikuwaajiri Weusi. Hata mwaka 1969, kati ya CPA wapatao 100,000, Weusi walikuwa 136 tu. Mwaka huo ndipo Weusi tisa walipokutana New York wakaanzisha chama chao cha wahasibu, NABA.

Ufadhili nikaupata, nao ulinifaa hasa mwishoni. Shahada ilikuwa krediti 120, lakini Ohio ilitaka 150 ndipo uwe CPA, yaani karibu mwaka mzima zaidi wa karo. Hapo wenzangu kadhaa waliishia njiani, si kwa kushindwa hesabu bali kwa kukosa fedha. Mimi niliacha kazi ya usiku, nikasoma.

Leo ninajitolea kusoma maombi ya vijana kwenye mfuko wa ufadhili. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza vyuo kuzingatia rangi katika udahili. Hukumu haikuhusu ufadhili, lakini wafadhili wengi waliogopa kushtakiwa, nasi tukaviondoa visanduku. Sasa tunauliza kipato cha nyumbani, na kama mwombaji ni wa kwanza kwao kuingia chuo kikuu. Binti wa Kizungu kutoka milima ya Appalachia anaomba pamoja na kijana wa Kisomali wa hapa Columbus, na wote wana haki ya kusaidiwa.

Badiliko jingine lilikuja Januari 2025. Gavana wa Ohio alitia saini sheria kwamba kuanzia 2026 mtu aliyefaulu mtihani anaweza kuwa CPA kwa shahada ya kawaida na miaka miwili ya uzoefu. Mzigo wa mwaka wa tano umepungua, nami nimefurahi. Lakini uzoefu ndio uliomzuia Cromwell. Kijana asiye na mjomba wala jirani katika ofisi za ukaguzi ataupata wapi?

Kwa hiyo naamini fedha za ufadhili sasa zilipie pia mafunzo kazini, si karo pekee. Na wewe msomaji mwenye ofisi ya hesabu, iwe Columbus, Minneapolis au Toronto, mtengee kijana mmoja nafasi yenye mshahara. Karo anaweza kulipiwa na mfuko. Uzoefu ataupata kwako.