TAYA NALO NI KIUNGO, USIKIMBILIE KUNG'OA JINO

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima na kuwashauri juu ya mbegu, mbolea na wadudu waharibifu. Mimi si daktari. Cheti changu nilikipata katika chuo cha kilimo cha Uyole, Mbeya. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya taya. Nitakueleza yaliyonipata mimi mwenyewe. Nitakueleza pia kosa moja kubwa nililolifanya, ili wewe usilifanye.

Ilikuwa mwaka 2018. Viwavijeshi vamizi walikuwa wameingia katika mahindi yetu. Wakulima walikuja nyumbani kwangu asubuhi na jioni. Kila mmoja aliuliza, "Bwana shamba, tufanye nini?" Mchana kutwa nilikuwa juu ya pikipiki. Usiku nililala kidogo, na hata usingizini nilikuwa nikiwaza mahindi ya watu.

Siku moja niliamka na maumivu mbele ya sikio la kulia. Maumivu yalipanda mpaka kwenye panja na kushuka mpaka kwenye magego. Nilipotafuna mahindi ya kuchoma, yalizidi. Nilipopiga miayo, taya lililia "ta!" kama kijiti kikavu kinachovunjika. Nikasema moyoni, "Hili ni jino bovu."

Nikaenda kwa mtu anayeng'oa meno. Alitazama kinywa changu, hakuona tundu. Mimi nikashikilia kwamba ni gego la nyuma. Akaling'oa. Baada ya wiki mbili maumivu yakarudi yaleyale. Nikarudi kwake, gego la pili likang'olewa. Maumivu hayakuondoka. Ndugu msomaji, nilikuwa nimepoteza meno mawili mazima. Simlaumu mtu mwingine, maana mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Jino likishang'oka halirudi. Mpaka leo nina pengo.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa meno katika hospitali ya wilaya. Huyu hakushika koleo. Alianza kwa kuniuliza maswali. Kisha akaniambia nifungue kinywa na kuingiza vidole vyangu vitatu, kimoja juu ya kingine. Mtu mzima asiye na tatizo kwa kawaida huweza kuviingiza vyote vitatu. Mimi viliingia viwili tu. Halafu akabonyeza mahali mbele ya sikio. Niliruka kwa maumivu!

Akaniuliza, "Je, mama watoto hajakuambia kwamba unasaga meno usiku?"

Nikakumbuka. Mke wangu alikuwa amenilalamikia mara nyingi. Alisema, "Baba watoto, usiku unasaga meno kama mashine ya kusaga mahindi. Watoto wanaamka." Mimi nilicheka tu.

Daktari akasema, "Meno yako hayakuwa na kosa. Kinachouma ni kiungo cha taya na misuli yake."

TAYA LINAFANYAJE KAZI?

Ndugu msomaji, weka kidole kimoja mbele ya kila sikio. Sasa fungua kinywa polepole, kisha ufunge. Unasikia kitu kinasogea chini ya kidole? Hicho ndicho kiungo cha taya. Tunavyo viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Hapo ndipo taya la chini linapokutana na mfupa wa kichwa.

Bawaba ya mlango huzunguka mahali pamoja tu. Kiungo cha taya hufanya zaidi. Huzunguka, na pia huteleza kwenda mbele na kurudi. Ndiyo maana tunaweza kufungua kinywa sana, na pia kusaga chakula kwa kupeleka taya kulia na kushoto. Katikati ya mifupa hiyo kuna kisahani laini. Kisahani hicho huzuia mfupa usisuguane na mfupa. Misuli ya kutafuna hushika taya na kupanda mpaka kwenye panja. Kwa hiyo kiungo au misuli ikichoka, mtu anaweza kusikia maumivu ya kichwa, ya sikio au ya meno. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika.

Kiungo hiki huharibiwa na mambo mengi. Wengine hukaza meno mchana au kuyasaga usiku, hasa wakiwa na mashaka. Wengine hupigwa au huanguka. Wengine wana ugonjwa wa baridi yabisi, ambao hushika hata viungo vya taya. Mara nyingine chanzo hakionekani. Shida hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Mimi nilikuwa na mashaka ya kazi. Lakini pia nilikuwa na tabia mbaya. Nilikata nyuzi za magunia ya mbolea kwa meno. Nilifungua chupa za soda kwa meno. Mkulima hawezi kutumia jembe lake kuvunja mawe, kisha akashangaa mpini ukilegea.

DAKTARI ALINITIBU VIPI?

Nilidhani nitapigwa sindano au kupasuliwa. Sivyo. Daktari alinieleza kwamba watu wengi wenye shida hii hupona bila kupasuliwa. Taya linahitaji kupumzika, kama ng'ombe aliyeumia bega anavyopumzishwa nira. Aliniambia nifanye mambo haya:

Kwanza, nile vyakula laini kwa wiki chache. Nilikula uji, ugali laini, ndizi za kupikwa, maharage yaliyoiva sana, samaki na mayai. Miwa, nyama ngumu na mahindi ya kuchoma niliviacha.

Pili, nikande taya kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto na kukamuliwa. Maji yasiwe ya kuunguza. Nilikanda kama dakika kumi na tano, asubuhi na jioni.

Tatu, nisifungue kinywa sana. Nikipiga miayo, niweke ngumi chini ya kidevu ili taya lisishuke mno.

Nne, niyape meno nafasi. Jambo hili lilinishangaza. Mtu akiwa ametulia, midomo hufungwa lakini meno ya juu na ya chini hayagusani. Meno yanatakiwa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Mimi nilikuwa nikiyakaza kutwa nzima bila kujua. Nikafunga uzi mwekundu kwenye usukani wa pikipiki. Kila nilipouona, nilijiuliza, "Je, nimekaza meno?" Kisha nililegeza taya.

Tano, alinipa vidonge vya kutuliza maumivu kwa siku chache. Alisema mwenye vidonda vya tumbo na mama mjamzito wasinunue vidonge hivyo ovyo, bali waulize kwanza.

Alisema pia kwamba maumivu yakikataa, daktari wa meno anaweza kutengeneza kifuniko cha plastiki cha kuvaa juu ya meno usiku. Kifuniko hicho huyalinda meno yasiliwe kwa kusagana. Mimi sikukihitaji. Baada ya wiki sita hivi nilikuwa nikila vizuri. Taya bado hulia "ta!" mara mojamoja. Daktari alisema mlio usio na maumivu, na usiozuia kinywa kufunguka, hauna haja ya dawa.

KOSA LANGU

Sasa nisikilize vizuri, ndugu msomaji. Baada ya kupona nilijiona mjuzi. Mtu akisema taya linauma, nilimfundisha kukanda na kula uji. Wengi walipata nafuu, nami nikavimba kichwa.

Jioni moja alikuja mzee jirani yetu. Alikuwa ameshika mashavu yake kwa mikono miwili. Alisema kwa shida, "Mwanangu, kinywa hiki hakifunguki tangu jana." Mimi hata sikumwuliza kitu. Nilimwambia, "Mzee, usiogope. Hicho ni kiungo cha taya. Nenda ukakande kwa maji ya moto, unywe uji, utapona."

Mzee alishukuru akainuka. Wakati huo mke wangu alikuwa akitoka jikoni. Alimwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mke wangu akatazama chini. Akauliza, "Baba, mguu umefungwa kitambaa, umepatwa na nini?"

Mzee akajibu kwamba jembe lilikuwa limemkata siku nane zilizopita, alipokuwa akichimba samadi zizini. Alikuwa ameweka majivu, na kidonda kilianza kukauka. Mke wangu alimgusa shingo. Ilikuwa ngumu kama mti. Akanigeukia akasema, "Baba watoto, hili si taya lako. Hii ni pepopunda!"

Nilihisi baridi mwili mzima. Tulitafuta gari la mfanyabiashara wa mahindi, tukampeleka mzee hospitali usiku uleule. Njiani mgongo wake ulianza kukakamaa kila gari liliporuka shimo. Alilazwa katika chumba chenye giza na ukimya. Alipewa dawa ya kupambana na sumu ya ugonjwa, na kidonda kikasafishwa upya. Alikaa huko zaidi ya mwezi mmoja. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kama angefuata ushauri wangu, angelala nyumbani anakanda taya mpaka afe. Mke wangu hana cheti chochote. Yeye aliuliza, mimi sikuuliza.

Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Huingia mwilini kwa njia ya kidonda, hata kidogo cha mwiba. Mara nyingi dalili ya kwanza ni taya kukaza. Kwa hiyo sisi wakulima tuko katika hatari zaidi. Ukiumia, osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni. Usiweke samadi wala majivu. Kisha nenda zahanati uulize juu ya chanjo. Watoto huchanjwa kliniki, na akina mama huchanjwa wakiwa wajawazito. Wanaume wengi watu wazima husahauliwa, na wenyewe hawaulizi. Tena aliyepona pepopunda anaweza kuugua tena. Yeye naye lazima achanjwe.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Usikande taya nyumbani ukiona mambo haya:

Taya limekaza na mtu ana kidonda, au shingo na mgongo vimekuwa vigumu.

Taya au shavu limevimba na mtu ana homa, au anashindwa kumeza mate. Huenda jino limefanya jipu.

Mtoto amevimba taya na meno yake yanalegea. Kuna uvimbe wa saratani unaowapata watoto wa nchi zetu. Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Unatibika kwa dawa, hasa mtoto akiwahishwa.

Maumivu ya taya yamekuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa moyo.

Kinywa kimebaki wazi na hakifungiki. Jambo hili huwapata watu wengine wakipiga miayo sana au wakicheka. Taya limeteguka, limetoka mahali pake. Usiseme mtu huyo amerogwa. Usimpige kofi, wala usijaribu kulirudisha mwenyewe. Tabibu aliyefundishwa huweka vidole gumba ndani ya kinywa, husukuma taya chini kisha nyuma, nalo hurudi. Ujuzi huu ni wa zamani sana. Waganga wa Misri ya kale waliuandika zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kukaa siku tatu kinywa wazi akizungushwa kwa waaguzi. Akiwahi, hurudishwa kwa urahisi zaidi.

Ndugu msomaji, mkulima akiniambia mahindi yake yamegeuka manjano, simwambii palepale aweke mbolea. Nakwenda shambani. Natazama jani, nachimba mzizi, nauliza alipanda lini. Huenda ni njaa ya mbolea, huenda ni maji yamesimama, huenda ni mdudu. Nilijua hivyo kwa mahindi tangu ujana wangu. Kwa mwili wangu sikufanya hivyo, nikapoteza meno mawili. Kwa mwili wa jirani sikufanya hivyo, nikakaribia kupoteza mtu.

Taya likikuuma, usikimbilie kung'oa jino. Lipumzishe, na uende ukapimwe. Lakini jirani akikujia ameshika taya, kabla hujampa ushauri wowote, mtazame kwanza mpaka miguuni.