Punda Milia wa Mansur

Wateja wangu wa mwanzo mjini Mombasa walikuwa na sifa moja tu ya kunipa, nami sikutamani nyingine: "Ni yeye mwenyewe!" Mtu alileta picha ndogo ya kitambulisho ya marehemu babake, nami nikaipigia miraba ya penseli, nikaikuza, nikaijaza rangi ya mafuta kutoka pembe hadi pembe. Akija kuichukua akashtuka kama aliyeitwa jina gizani, nilijua malipo yangu hayana mjadala. Vifungo vya shati vilikuwepo vyote. Viua vya kofia vilihesabika. Hata pazia la studio lililokuwa nyuma ya mzee, lisilomhusu yeye wala ukoo wake, nililichora kwa bidii ileile niliyochorea macho. Kwangu picha ilikuwa kufanana, na kufanana kulitakiwa kila mahali kwa kipimo kimoja.

Imani hiyo niliiokota utotoni mtaa wa Biashara. Kwenye maduka ya vitambaa ya Wahindi zilining'inia kalenda za Lakshmi, mungu mke wa Kihindu, amesimama juu ya ua la yungiyungi, mikono minne, ngozi inang'aa, sari imejikunja kama ya mwanamke aliyepita barabarani sasa hivi. Nilizinakili kwenye madaftari ya shule, na bibi yangu akakereka kumwona mtoto wa chuoni anashinda kuchora masanamu ya watu. "Mjukuu wangu, kwani miti imekwisha?" aliniuliza. Miti ilikuwepo tele, lakini miti haivai sari.

Miaka mingi baadaye nikapata nafasi ya kwenda kusoma uchoraji Baroda, mji wa Gujarat ambao sasa ramani huuandika Vadodara. Pale, katika makumbusho yaliyo ndani ya ua wa kasri la Lakshmi Vilas, nilikutana na mwenye kalenda zangu. Anaitwa Raja Ravi Varma, alizaliwa Kilimanoor, Kerala, mwaka 1848. Mchoraji mmoja wa Ulaya, Theodore Jensen, alipofika kwa mtawala wa Travancore mwaka 1868, kijana Ravi Varma aliruhusiwa kumtazama akifanya kazi, basi. Siri za rangi ya mafuta akazipata mwenyewe kwa kujaribu na kuharibu. Mwaka 1873 picha yake ya mwanamke wa Kinair akipamba nywele ilimpatia tuzo Madras na Vienna. Mtawala wa Baroda, Sayajirao Gaekwad III, alimwagiza picha 14 za visa vya Ramayana na Mahabharata, naye akazunguka India pamoja na ndugu yake akitazama watu, mavazi na mandhari kabla ya kuzichora.

Nikasimama mbele ya turubai hizo nikifurahi kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la babu yake. Taji linabeba uzito wake. Zari ya sari inakwaruza macho. Wanafunzi wenzangu hawakufurahi nami. "Bhai, huu ni mchezo wa jukwaani," mmoja wao kutoka Kolkata aliniambia, "hawa ni watu wa mjini waliovishwa uungu." Wengi wao walishika msimamo ambao una zaidi ya miaka mia moja: kwamba uhalisia wa Ravi Varma uliletwa na meli za Waingereza, ukafundishwa katika shule za sanaa za Madras, Calcutta na Bombay zilizofunguliwa katika miaka ya 1850, na kwamba roho ya uchoraji wa Kihindi iko kwingine. Abanindranath Tagore ndiye shujaa wao. Mwaka 1905 alimchora Bharat Mata, mama wa taifa, kwa rangi ya maji nyepesi aliyojifunza kwa wachoraji wa Kijapani waliopita Calcutta, sura yake ikiwa kama imechomoza kwenye ukungu.

Nilivutwa. Mtu akiwa ugenini hupenda kuwa upande wa wenyeji, na hoja yao ilikuwa na uzito. Ikawa kila nilichojua kukifanya vizuri ninakionea haya: kivuli chini ya kidevu, mwanga puani, yote hayo nikayaita mali ya mkoloni. Nikaanza kuchora watu bapa wasio na kivuli. Picha hizo zilikuwa mbaya, na ninashukuru kwamba nyingi ziliishia kufungia brashi.

Jambo dogo tu lilinitatiza. E. B. Havell, Mwingereza aliyeshika shule ya sanaa ya Calcutta mwaka 1896, aliamua kuziondoa picha za Kizungu ili wanafunzi warudi kwenye sanaa za kwao. Wanafunzi Wahindi wakamgomea. Walitaka kufundishwa uhalisia. Sasa hapo mkoloni ni nani, na mwenye sanaa ni nani? Nilimuuliza yule mwenzangu wa Kolkata, akacheka akasema hilo ndilo swali linalowauzia wahadhiri vitabu.

Kilichonigeuza ni punda milia. Nilimkuta katika kitabu kikubwa cha maktaba nilipokuwa nikitafuta kitu kingine kabisa. Alimchora Ustad Mansur mwaka 1621, kwa amri ya mfalme Jahangir wa Wamughal. Mnyama huyo alitoka upande wa Ethiopia, akapitia mikononi mwa Waturuki hadi akatua kwenye baraza la mfalme kama zawadi. Jahangir mwenyewe ameandika kwamba watu walishuku mistari ile imepakwa rangi, mpaka walipomchunguza wakaridhika kwamba ameumbwa hivyo. Sisi tunaomwona punda milia mbugani, na kwenye vinyago vya kuuzia watalii, tumemzoea. Kule alikuwa kiumbe asiyeaminika. Kwa hiyo Mansur hakuwa na ruhusa ya kukosea hata mstari mmoja. Ameifuata milia inavyopinda kwenye paja, inavyobanana usoni, inavyopanda hadi kwenye nywele za shingo. Hatamu na kamba vipo. Nyuma yake hakuna kitu: hakuna zizi wala upeo wa macho, ni uwanda mtupu wa rangi iliyofifia.

Mchoraji yule aliweza kuchora chochote alichotaka, na alichagua kuuweka ukweli wote kwenye ngozi ya mnyama. Tena ilikuwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya hizo shule za Waingereza. Ni kweli kwamba chapa za Ulaya zilikuwa zimeshafika kwa Wamughal na wachoraji wao walizisoma kwa makini. Lakini jicho lile halikuazimwa.

Nikaanza kuwatafuta wachoraji wengine wa karakana ya Jahangir. Mwaka 1618 mtumishi mmoja wa mfalme, Inayat Khan, aliyemalizwa na afyuni na pombe, alikuja kuomba ruhusa ya kwenda Agra. Jahangir alistaajabu kuona mtu aliyekonda kiasi kile, akawaamuru wachoraji wamchore upesi, na haukupita muda mtu yule akafa. Picha yenye rangi iko Oxford. Mchoro wake uko Boston. Mbavu zinahesabika, macho yanatazama pembeni pasipo na kitu, mikono imekuwa vijiti. Ila mito aliyoegemea imechorwa bapa, kwa rangi tulivu zilizopangwa kama nakshi, kana kwamba mchoraji anasema huko hakuna habari. Mimi ningeichora mito hiyo mpaka uzi wa mwisho.

Halafu kuna Malik Ambar, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa ni mtu wa upande wetu wa bahari. Aliuzwa utumwani kutoka Ethiopia akiwa mdogo, akaishia kuwa ndiye mtawala hasa wa Ahmadnagar huko Dekani, akawasumbua Wamughal mpaka alipofariki mwaka 1626. Kuna picha yake iliyochorwa na Hashim: mzee mweusi, mzito, vazi jeupe, uso uliochoka wa mtu mwenye kazi nyingi. Unaweza kumwamkia. Kuna nyingine, ya Abu'l Hasan, ya mwaka 1616 au karibu na hapo, inayomwonyesha Jahangir amesimama juu ya tufe la dunia akikipiga mishale kichwa cha Ambar kilichokatwa. Jambo hilo halikutokea kamwe, Jahangir hakumpata. Uso wa mfalme ni wake kabisa, mkono unavuta upinde sawasawa, na tukio zima ni ndoto ya mtu aliyeshindwa vita. Ukweli wa uso ndio unaoubeba uongo wa tukio.

Kwa jicho hilo nikarudi kwa Ravi Varma, na sikumwona tena kuwa mwigaji. Kazi yake ilikuwa karibu na ya Abu'l Hasan: kuchukua kitu ambacho hakuna aliyekiona, mungu mke mwenye mikono minne, na kukipa ngozi na kitambaa mpaka macho yakubali. Mwaka 1894 alifungua kiwanda cha chapa Bombay, picha zikipigwa kwa mawe, jiwe kwa kila rangi, na miungu hiyo ikaingia nyumba za watu ambao wengine hawakuruhusiwa kukanyaga hekaluni. Phalke, aliyetengeneza filamu ya Raja Harishchandra mwaka 1913, aliwahi kufanya kazi katika kiwanda hicho. Mwenzangu aliposema mchezo wa jukwaani hakuwa mbali.

Baroda yenyewe ilikuwa na mtu wake. Bhupen Khakhar alikuwa mhasibu, hakusomea uchoraji, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichora vinyozi na mafundi saa wa mitaani. Watu wake ni wagumu kama wanasesere, rangi amezitoa kwenye zilezile kalenda za dukani, lakini vyombo vya kazi vimepangwa kwa uangalifu wa mtu anayefunga hesabu za mwaka. Mtihani wa anatomia angeufeli. Fundi saa wake hata hivyo ni fundi saa, na saa zake nusura uzisikie.

Sasa nimerudi Mombasa na wateja ni walewale. Akija mtu na picha ya kitambulisho sianzi na miraba tena. Naanza na maswali. Marehemu alikaaje? Mikono aliiweka wapi? Nikishapata pa kuuweka ukweli, kwingine naacha rangi ipumzike. Wengine hawapendi, wanakwenda kwa mchoraji wa jirani anayejaza kila pembe, na anachora vizuri.

Juzi mmoja alisimama mbele ya picha ya babake akanung'unika kwamba nyuma yake ni kutupu. Nikamwonyesha punda milia wa Mansur kwenye simu. Alimtazama kwa heshima, akanirudishia simu. "Huyo ni mnyama," akasema. "Mzee wangu alikuwa na duka. Weka rafu." Nikamuuliza kwenye rafu kulikuwa na nini. Akafumba macho akaanza kunitajia, kutoka kushoto: mizani, makopo ya chai, sabuni za mche, viberiti, daftari la madeni lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilichukua penseli nikaandika, na bei tukaijadili upya.