Wi-Fi moja, milango miwili: nyumba ya Beni iliyotenganisha kazi na wageni

Beni – Anayepokea ndugu waliokimbia vita hagawi mkeka na sombe peke yake. Siku hizi anagawa pia Wi-Fi. Hapa Beni, ambako wahami wengi wanalala kwa jamaa na marafiki, hilo linaleta swali ambalo watu wanaogopa kulisema kwa sauti: namna gani mtu atalinda kazi yake bila kuonekana mchoyo?

Mfano ni nyumba moja ya mtaa wa Boikene. Binti mkubwa wa nyumba hiyo ni mwandishi wa kamati ya wahami. Mezani sebuleni ana kompyuta, printa ndogo, na orodha: majina ya wakubwa wa familia, hesabu ya watoto, nambari za simu, na nyumba ambamo kila familia inalala. Intaneti inalipwa kila mwezi juu ya kazi hiyo. Zamani nyumbani walikuwa watu 6. Mama mdogo wake alipofika na watoto kutoka upande wa Oicha, wakawa 14, na neno la siri la Wi-Fi likajulikana mpaka kwa watoto wa jirani.

Siku moja printa ikaanza kuchapa bila mtu kuigusa. Ikatoa picha ya mchezaji wa mpira. Mtoto wa mama mdogo alikuwa akitafuta namna ya kumtumia rafiki yake picha, simu ikamwonyesha printa, naye akabonyeza. Watoto walicheka. Binti hakucheka. Kama simu ya mtoto inaiona printa, simu yoyote yenye neno lile la siri inaweza kuiona pia folda ambayo kompyuta yake iliwafungulia wenzake wa kamati. Na orodha ilikuwa humo. Mahali ambapo watu wanakimbia wauaji, karatasi inayosema nani analala wapi si kitu cha kuachwa wazi.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kubadilisha neno la siri na kunyamaza. Mama yake akakataa. Mume wa mama mdogo alibaki nyuma kuangalia shamba la kakao, na habari zake zinafika kwa ujumbe wa sauti tu, mara nyingi usiku, anapopata mtandao. “Mwanangu, ukifunga hiyo, utakuwa umemfungia mdogo wangu mlango,” mama alisema.

Ndipo wakaita kijana fundi wa mtaani. Yeye aliwaeleza kwa mfano wa lupango. Lupango moja linaweza kuwa na nyumba mbili. Wote wanatokea mlango mmoja wa kwenda barabarani, lakini wa nyumba hii haingii katika nyumba ile bila kufunguliwa. Intaneti ni barabara. Ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi, ndiyo lupango.

Familia ilifikiri tayari wana mitandao miwili, kwa sababu simu zilionyesha majina mawili. Fundi akawaambia hapana. Ruta nyingi zinatoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na kila moja linaweza kuwa na jina lake. Ndani ni nyumba ileile moja.

Kazi yenyewe haikuchukua saa nzima. Alifungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta kwa kuandika nambari iliyobandikwa chini ya kisanduku. Kwenye ruta nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kwanza alibadilisha neno la siri la kuingilia humo, maana lile la kiwandani linajulikana na wengi. Kisha akawasha mtandao wa wageni, akaupa jina lake na neno lake la siri, akachagua ulinzi wa WPA2, na akazima ruhusa ya wageni kufikia vyombo vya mtandao wa kazi. Neno la siri la mtandao wa kazi nalo likabadilishwa, kwa sababu la zamani lilikuwa limekwisha kutembea mtaani.

Jina la mtandao pia lilijadiliwa. Binti alitaka kuandika jina la kamati. Fundi akamzuia: jina la Wi-Fi linasomwa na kila anayepita na simu, na halipashwi kumwambia mpita njia kwamba hapa kuna orodha ya watu au pesa za kikundi.

Mwisho wakajaribu. Mtoto yule yule alipewa mtandao wa wageni na kuombwa atafute printa. Hakuiona. Asiyejaribu hivyo asiseme ametenganisha.

Kuna visanduku vidogo vya SIM kadi ambavyo havina mtandao wa wageni. Hapo inafaa ruta ya pili, ikiungwa kwa waya nyuma ya ile ya kwanza, na kila moja iwe na mfululizo wake wa nambari. Watu wengi wanakosea mpango: wanaweka kazi kwenye ruta ya kwanza na nyumba kwenye ya pili. Inapashwa kuwa kinyume. Aliye kwenye ruta ya nyuma anaweza kufikia vyombo vya mbele, lakini wa mbele kwa kawaida haingii nyuma. Kwa hiyo kazi ikae nyuma, wageni mbele.

Fundi hakuficha mipaka ya kazi yake. Kutenganisha hakuongezi mega: milango miwili inakunywa kwenye pipa moja. Hakusaidii pia kompyuta ikiibwa, kwa hiyo binti aliweka neno la siri kwenye kompyuta, akaifunga ile folda ya pamoja na kuacha orodha mahali anapoifungua mwenyewe. Na simu ya kazi ikipewa mtoto acheze, iwe imetolewa kwanza kwenye mtandao wa kazi.

Juu ya mega, familia ilikaa na kupatana. Mchana, binti akiwa anatuma ripoti, hakuna video kwenye mtandao wa wageni. Jioni watoto wana saa yao. Ujumbe wa sauti hauna saa. Neno la siri la wageni limeandikwa kwenye karatasi, na anayeitunza ni mama mdogo. Jirani akitaka Wi-Fi, anamwomba yeye.