Chuma cha Shingoni

Mwanangu, wewe unayesoma vitabu vya watu wa mbali ukiwa umelala kitandani na simu kifuani, sijui kama utaamini kwamba Agosti 2001 watu wazima wawili walitoka Mogogosiek kabla ya jogoo wa pili, wakapanda matatu kupitia Litein wakiwa wamebanwa baina ya magunia ya kabichi, wakashuka Kericho mjini kwa ajili ya kusoma barua tu. Mmoja wao ni mimi. Wa pili ni mdogo wangu, baba yako mdogo, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo cha ng'ambo alikokuwa akitafuta shahada ya uzamivu katika falsafa. Siku tano nzima alizunguka boma kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, hata nikamwuliza kulikoni. Akaniambia kwamba wenzake huko wanaandikiana juu ya jambo kubwa, naye hapa yuko gizani.

Saiba tuliyoiendea, yaani duka la intaneti, ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilinukia wanga wa leso mpya, na ukifungua mlango ulipokelewa na harufu nyingine, ya plastiki iliyopata moto na makoti yaliyolowa mvua. Kulikuwa na kompyuta sita, zile zenye migongo mirefu kama televisheni za zamani, na msichana mwembamba mwenye daftari na saa ya ukutani. Dakika moja shilingi 10. Kupiga chapa, ukurasa mmoja shilingi 10. Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa hazijafika Mombasa, hizo zilikuja 2009. Siku zile maneno yetu yalipanda angani kwa satelaiti, na kabla ya kupanda ilibidi simu ilie, ikohoe, ikwaruze, huku msichana akiwa ameshaanza kuhesabu. Nilikaa nyuma ya mdogo wangu nikikodolea saa macho. Dakika ile moja ilizidi ujira ambao mchumaji wa majani alilipwa kwa kilo nzima, na sisi tulikuwa watoto wa mchumaji. Hesabu hiyo hatukuhitaji kufundishwa. Tulitoka na karatasi thelathini na moja ndani ya mfuko wa nailoni, na pesa tulizoacha mezani zingenunua debe la mahindi.

Ndani ya karatasi zile kulikuwa na kazi ya Donna Haraway, mwanamke wa Marekani aliyesomea biolojia, iliyochapwa mara ya kwanza 1985, pamoja na barua za wasomi waliokuwa wakiijadili. Haraway alisema kwamba ukuta tuliouzoea kati ya mtu na mnyama umebomoka, na ule wa kati ya mtu na mashine vilevile. Sote tumekuwa machotara wa nyama na chuma, na yeye akakiita kiumbe hicho saibogi. Mapema zaidi, 1966, Mfaransa Michel Foucault alikuwa amekwisha kusema kwamba huyo "mtu" wanayemzungumzia wanafalsafa ni uzushi wa juzijuzi tu, na huenda akafutika. Na 1999 Katherine Hayles akatoa kitabu cha kuwaonya wale waliofikiri kwamba akili inaweza kung'olewa kutoka mwilini ikamiminwa katika mashine kama maziwa kutoka kibuyu hiki hadi kile. Fikra zote hizi zilikuwa zimepewa jina moja, posthumanizimu, na mdogo wangu alikuwa amezama humo hadi shingoni.

Jioni ile alijaribu kuyaeleza jikoni kwa mama, huyo kogo wako, bibi yako. Ulikuwa wakati wa moshi machoni. Kuni mbichi za mkaratusi, kimnyet, ugali wetu, ikitokota, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kimetoka kusuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, ile harufu chungu-tamu ambayo hata leo ikinipitia puani hunirudisha kwenye kigoda kile. Mama alikuwa amechuma chai miaka thelathini na mmoja, tangu 1958, katika shamba la kampuni kubwa. Dole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa na weusi ambao sabuni haikuuweza. Hakujua kusoma, lakini hakuna aliyewahi kumdanganya kwenye mizani mara mbili.

Basi mdogo wangu akaanza na jina lenyewe, likamkwama. Alisema, "Mama, ni elimu ya baada ya utu." Mama akaacha kusonga. "Baada ya utu kuna nini? Si unyama?" Akajirekebisha, "Baada ya mtu." Mama akasema, "Baada ya mtu ni matanga." Niliona jasho likimtoka mdogo wangu ingawa Agosti kwetu ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa ugumu wa jambo lile, kwa sababu Kiingereza kina neno moja linalomtaja binadamu kama jamii ya viumbe na kumsifu papo hapo. Sisi tunatenganisha. Mtu anaweza kuwa na miguu miwili na kichwa, akavaa tai, akakosa utu. Ukisema utu umepitwa na wakati, Mswahili atafunga mlango kwa komeo.

Akaacha jina, akaeleza maana. Alipofika kwenye wanyama, mama aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za jirani yake. "Nyuki ni wa ukoo wetu," akasema, "na sijui kwa nini huyo mama wa Marekani alihitaji kusafiri mbali hivyo kuwafikia." Alipoambiwa kwamba wasomi wanakataa kuwa mtu ni mmoja, amejifungia ndani ya ngozi yake kama punje katika ganda, alimtazama mwanawe kwa huruma. "Siku uliyozaliwa wanawake walikutajia marehemu mmoja baada ya mwingine. Hukupiga chafya mpaka lilipotajwa jina la babu wa baba yako. Umekuwa wawili tangu asubuhi ile. Hilo umelisahau wapi?" Desturi hiyo ya kurenet sisi sote tuliijua, ila hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba ni hoja inayoweza kusimama mbele ya mwanafalsafa Descartes.

Lakini alipofika kwenye chuma, uso wa mama ulibadilika. Alikuwa na uso mpana, wa kutulia, na alipokuwa akifikiri mdomo wa chini uliingia ndani kidogo. Alinyamaza hata nikadhani amechoka. Kisha akatueleza habari za babu yetu na kipande. Wewe umesoma shuleni kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kitambulisho chenye alama za vidole na habari za kazi na mwajiri, kikiwa ndani ya kopo la chuma lililoning'inizwa shingoni kwa kamba, na kwamba jambo hilo lilidumu mpaka miaka ya 1940. Mama hakulisoma. Yeye alilisikia. "Tulijua baba amekaribia kwa mlio wa kopo kwenye kifungo cha shati. Usiku akijigeuza, lilikuwa linagonga ukingo wa kitanda. Shingo yake hapa nyuma ilikuwa na mfuo, kama wa ng'ombe wa jembe. Sasa unaniambia mtu ameungana na chuma. Ni kweli, mimi niliona. Lakini muulize huyo mama: kamba ilishikwa na nani?"

Mdogo wangu akamtetea Haraway, na kwa haki, maana mwanamke yule aliandika pia kuhusu wasichana wa Asia ya Kusini-Mashariki wanaounganisha vipuri vya kompyuta katika viwanda vya kampuni za kigeni. Mama alisikiliza, akakubali kwamba huyo basi ana macho. Hayles naye alimpendeza zaidi, kwa kuwa alijua kwamba vidole navyo hufikiri. Mchumaji hatazami majani mawili na chipukizi, anayagusa, na kidole kinakataa jani gumu kabla jicho halijaliona. Kilichomkera ni zile barua za wasomi wengine, waliokuwa wakishindana kutangaza kwamba wakati umefika wa mtu kushuka katika kiti chake cha enzi. "Mimi nilikuwa namba 417 miaka thelathini na mmoja," akasema. "Wanataka nishuke. Nishuke wapi, nami sijakaa?"

Mdogo wangu hakulala. Aliandika usiku kucha kwa mwanga wa koroboi, akifasiri maneno ya mama kwa Kiingereza, akifuta na kurudia, maana hakutaka yatoke kama kituko cha bibi kizee wa kijijini. Asubuhi ya tatu tulirudi mjini. Saa nane mvua ya mawe ikapiga mabati, kama ilivyo kawaida ya Kericho, umeme ukakatika, na maandishi yakapotea yakiwa nusu. Tukasubiri chini, tukinywa chai ya maziwa kwa shilingi 10, mawe yakiwa yametanda barabarani kama chumvi, tukafikiria vichipukizi vilivyochanika huko mashambani na watu watakaokosa kilo wiki nzima. Umeme uliporudi, alianza upya. Dakika hamsini na mbili. Nilimlipia mimi, kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, na sijawahi kutumia fedha kwa jambo lililonipa fahari zaidi.

Majibu yalikuja baada ya wiki. Msomi mmoja, ambaye simtaji, aliandika kwa furaha kubwa. Alitaka kujua ukoo wetu unaitwaje, nyuki wakiingia nyumbani tunafanya nini, na kama ingewezekana apigiwe picha ya kibuyu. Mwingine aliuliza chafya husababishwa kwa ugoro au kwa kitu gani. Juu ya kipande hapakuwa na neno. Juu ya kamba, hapakuwa na neno. Swali la mama lilikuwa limesafiri hadi angani na kurudi, na huko lilikofika walilipokea kama habari za mila, wakaliweka katika rafu ya mila. Mdogo wangu alikaa mbele ya kioo kile hadi msichana akamgusa bega kumkumbusha saa.

Njiani kurudi alinieleza habari za Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995. Profesa huyo, tangu miaka ya 1970, aliwafuata wazee vijijini na kinasasauti, na kitabu chake cha 1990 kiliwatofautisha wale wanaohifadhi tu mapokeo ya jamii na wale wanaoyapima, wanaoyahoji, wanaoyakataa ikibidi. Hao wa pili aliwaita wanafalsafa, akawaandika kwa majina yao kamili. Mdogo wangu alisema kosa lilikuwa lake pia: katika barua yake alikuwa ameandika "bibi mmoja mchuma chai wa Kericho". Hakuandika jina. Haraway alikuwa na jina, Foucault alikuwa na jina, kila mtu katika karatasi zile thelathini na moja alikuwa na jina na mwaka. Mimi sikumjibu. Tulikuwa tunapita katikati ya mashamba ya kampuni, yale mabonde ya kijani kibichi ambayo watalii husimamisha magari kuyapiga picha, na wachumaji walikuwa wakipanga foleni mizaniani, kila mmoja na kadi yake mkononi.

Miaka ile michache iliyofuata, mashine za kuchuma chai zilianza kuingia mashambani. Mwaka 2010, chama cha wafanyakazi wa mashamba kikaitisha mgomo kuzipinga; Mei 2023 vijana wakazichoma moto hapa Kericho, na wewe mwenyewe uliziona kwenye simu. Mambo ya mashine na kazi wengine wameyaandika vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kukueleza siku moja tu, baada ya mgomo ule wa 2010, nilipomsindikiza mama kwenda kumjulia hali rafiki yake aliyekuwa akikaa bado katika nyumba za laini, zile za wafanyakazi. Tulisimama kando ya njia kuwatazama wanaume wawili wakiipitisha mashine juu ya michai, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mfuko mrefu ukijaa nyuma yao. Petroli ilikuwa imeshinda harufu ya majani mabichi. Mama alinusa, akakunja uso, akatazama jinsi wembe ulivyokata chipukizi, jani gumu na kikonyo, vyote kwa kimo kimoja.

Walipoizima wapumzike, kijana wa upande wetu akaja kumwamkia kwa heshima, akampa mkono. Mama hakuuachia. Mkono wa kijana yule ulikuwa ukitetemeka, ule mtetemo mwembamba wa injini, ingawa injini ilikuwa imenyamaza na imelala majanini. Alikuwa na umri kama wako sasa. Mama aliufunika kwa mikono yake miwili yenye vidole vyeusi, kama unavyomtuliza kifaranga, akangoja, nao haukutulia. Ndipo akamwuliza, polepole, si kwa kumsuta, bali kwa kutaka kujua: "Mwanangu, anayetetemeka hapa ni wewe au ni ile?"

Kijana hakuwa na jibu. Jioni ile nilishuka mjini. Saiba zilikuwa zimeenea hadi nyuma ya stendi, dakika shilingi moja, na mlio wa simu kukwaruza haukuwepo tena. Nikamwandikia mdogo wangu ng'ambo, yeye na wenzake wote waliokuwa wakiandikiana naye, nikaliweka swali lile kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza, bila kibuyu, bila nyuki. Lakini kabla ya swali, mstari wa kwanza kabisa, niliandika majina yote matatu ya mama, na mwaka.