Nairobi, ukinyamaza kazi huna!

Wiki hii nakuvusha mpaka. Tunakwenda Nairobi, eneo la Westlands, kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu za kompyuta. Usicheke, mimi na cheti changu cha kidato cha nne nimefika!

Aliyenipeleka ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Kijana huyo kompyuta anaijua kama wewe unavyoijua njia ya kwenu. Alishapita hatua mbili akiwa Dar: maongezi ya nusu saa kwenye simu, kisha mtihani wa kwenye intaneti. Ikabaki ya mwisho, ana kwa ana. Baba mdogo akauza mbuzi wawili ipatikane nauli, nami nikapewa kazi ya kumsindikiza.

Basi, tuliondoka Dar alfajiri. Chalinze, Korogwe, Moshi, Arusha, hadi Namanga tulikogongewa mihuri. Nairobi tukaingia usiku, baridi inauma, mdogo wangu kimya kama maji ya mtungini.

Asubuhi tukadandia matatu hadi Westlands. Wee acha tu! Maghorofa ya vioo, na juu ya vichwa vyetu ile barabara ya kulipia inayotokea Mlolongo, iliyofunguliwa 2022. Mji huu haukuanza jana mambo ya kompyuta. iHub ilifunguliwa Ngong Road mwaka 2010, na Microsoft wakaleta kituo chao cha wahandisi mwaka 2019. Kampuni tuliyoiendea sisi ni ndogo, jina lake naliweka mfukoni.

Dogo akaingia, mimi nikajibanza kwenye kibanda cha chai. Hapo nikakuta wawili waliokwisha kuhojiwa: binti wa Kampala na kijana wa hapo hapo Nairobi. Wakanipa mkanda mzima. Wasaili ni wanne, wanapokezana, kila mmoja dakika 45. Hupewi kompyuta. Unapewa ubao mweupe na makapeni! Mmoja yeye anauliza tabia tu: siku uliyogombana na mwenzako kazini, mliyamalizaje?

"Swali lenyewe?" nikauliza.

Binti akanieleza. Una orodha ya bei 1,000 za dukani, tafuta mbili ambazo jumla yake ni shilingi 5,000. Mvivu wa kufikiri atalinganisha kila bei na kila nyingine, mara 499,500! Mjanja anapita mara moja tu. Akiona 1,800 anajiuliza: mwenzake 3,200 nimeshampita? Kama bado, anaiandika pembeni na kusonga mbele.

"Lakini jibu pekee halitoshi, buda," akadakia yule kijana. "Wanataka wakusikie ukifikiria."

Moyo ukanilipuka paa! Mdogo wangu kalelewa na bibi. Mbele ya wakubwa unasikiliza, na unafungua mdomo ukiwa na uhakika. Kwetu hiyo ni adabu. Kule ni sifuri.

Saa tisa akatoka, shati limelowa.

"Kaka, jibu nililipata."

"Ulikuwa unawaeleza?"

"Nilikuwa nalitafuta kwanza."

"Ulikaa kimya dakika ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

Sikumwambia kitu. Nikamnunulia chai na chapati.

Baada ya siku kumi ikaja barua pepe ya mistari miwili: pole, jaribu tena baada ya mwaka mmoja. Baba mdogo hakugomba. Alisema tu, "Wale mbuzi walikuwa majike." Nyumba nzima ikanyamaza.

Sasa kila usiku dogo anasimama mbele ya mlango wa jikoni na chaki, anaongea. Mama mdogo alidhani karogwa! Msaili ni mimi, nimekalia ndoo. Programu sijui hata moja, na ndiyo raha yake, kwa sababu akinieleza nikaelewa mimi, ataelewa yeyote. Juzi nilimrudisha mwanzo mara tatu. Mara ya nne nikaelewa, na baba mdogo aliyekuwa amejifanya kasinzia akasema, "Hata mimi."

Nawe unayejiandaa na usaili wa namna hii, adabu nenda nayo, ila ukimya uache nyumbani. Kazi kwako!