Alama Moja ya Kutoa

Haya jamani, leo tuache siasa, tuache na foleni za Dar. Kuna rafiki yangu anasoma kitu kinachoitwa nadharia ya uga wa kwantamu. Mara mbili nimejaribu kumuuzia mhariri wangu habari yake. Mara ya kwanza aliuliza, "Waziri yumo?" Mara ya pili hakuuliza kitu.

Ni mdudu gani huyo? Alinieleza tukiwa kwenye vimbweta, mimi mtu wa uandishi wa habari, na niliambulia hivi. Ulimwengu haukujaa vipunje vinavyogongana kama gololi, umejaa nyuga. Uga umetandaa kila mahali, hata hapo ulipokaa, na ile tunayoiita elektroni ni mtikisiko tu wa uga wake, kama wimbi lilivyo mtikisiko wa maji. Ndiyo maana elektroni zote zinafanana kabisa: bahari yao ni moja. Siku hiyo sikulala mapema.

Tabu iko kwenye kukokotoa. Miaka ya 1930 mabingwa walipiga hesabu zao wakapata majibu yasiyo na mwisho. Tomonaga aliikuta njia ya kutokea akiwa Japani iliyoharibiwa na vita, Schwinger na Feynman wakaikuta Marekani, na mwaka 1965 wote watatu wakagawana Nobeli. Leo nguvu ya sumaku ya elektroni, ile iliyokokotolewa na ile iliyopimwa maabara, zinalingana kwa tarakimu zaidi ya 10. Niambieni ni bajeti gani ya wizara inayolingana hivyo!

Utasema basi hili ni somo letu sisi wanyonge, maana linataka karatasi na kalamu tu. Nami nilidhani hivyo. Lakini rafiki yangu alianza na mwenzake mmoja, yule akapata kazi benki, akabaki peke yake na madesa yake. Kuna alama moja ya kutoa ilimpotea katikati ya hesabu, akaitafuta wiki tatu. Vitabu anavyo, siku hizi vinapakuliwa. Alichokosa ni mtu wa kubishana naye.

Si wa kwanza. Abdus Salam alirudi kwao Pakistani mwaka 1951 kufundisha Lahore, akitokea Cambridge. Hakupata wa kuzungumza naye fizikia hiyo. Chuo kikampa timu ya kandanda aisimamie. Mwaka 1954 akarudi Uingereza. Jambo hilo halikumtoka moyoni, na mwaka 1964 akaanzisha kituo kule Trieste, Italia, ili mtu wa nchi maskini aende miezi michache, abishane mpaka akinai, kisha arudi nyumbani. Nobeli yake ilikuja 1979.

Tangu 2018 kituo hicho kina mwenzake Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Ndiko aliko rafiki yangu sasa. Mama yake aliniuliza, "Mwanangu, hayo masomo yanaajiri wapi?" Nikamwambia mama, tumwache kwanza amalize. Anajua sikumjibu.

Ile alama ilipatikana wiki ya kwanza, wakati wa chai. Dada mmoja aliiona ukurasa wa pili.

Mwakani anarudi. Amenituma nimuulize yule wa benki kama bado analo daftari lake. Nilimpigia juzi. Analo.