Saruji Kilo 25 Uingereza, Kilo 50 Korogwe

Katika ghala ninalofanyia kazi hapa Leicester, mfuko wa saruji una kilo 25. Nyumbani Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, una kilo 50, na wanaoushusha wana migongo kama yetu.

Tofauti hiyo haikuletwa na mashine. Kanuni za Uingereza za 1992 kuhusu kubeba mizigo kwa mikono zinamtaka mwajiri aepushe ubebaji wa hatari, na usipoepukika, aipunguze hatari yenyewe. Mwongozo wake unataja kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Watu wanaumia huku pia, tena wengi, ila angalau mzigo ulipimwa kabla ya kufika begani.

Korogwe, lori likisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, vijana wawili hupanda juu na wenzao hupanga foleni chini. Mfuko unatua shingoni, juu ya kipande cha gunia kilichokunjwa, na mbebaji anaondoka mbiombio, vumbi limemjaa machoni. Malipo ni kwa mfuko, anayepumzika anakosa. Handeni, msimu wa mahindi, kuna gunia la kilo 100, na lumbesa, yaani ujazo wa ziada, juu yake, ingawa Wakala wa Vipimo wanaipiga marufuku. Tumezoea kuilaani lumbesa kwa kumpunja mkulima, na ni haki yetu. Lakini kilo zile za ziada anazibeba kuli. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 mwanamume mtu mzima asizidishe kilo 55.

Binamu yangu aliumia mgongo akishusha mzigo. Mwenye mali alimpa pole na nauli, basi. Leo hata kuinama kufunga viatu ni kazi.

Tanzania tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na waajiri. Ila kuli akiumia, mwajiri haonekani: mwenye lori anasema ni mtu wa duka, mwenye duka anasema ni kibarua wa kijiweni.

Ndiyo maana naona tuanze na mfuko wenyewe. Kiwanda cha saruji kipo Pongwe, mkoa huohuo wa Tanga. Kitoe mifuko ya kilo 25. Na ujira uhesabiwe kwa tani, ili mfuko mwepesi usimpunguzie kuli kipato chake.